Kamba ya Bendera, Uwanja wa Uhuru

Rafiki yangu Mohamadi, ambaye tumbo lake hufika nyumbani kabla yake, alikuwa anampelekea mkewe dawa ya pumu. Katikati ya Uwanja wa Uhuru, Bujumbura, filimbi ikalia: bendera inashushwa, kila mtu asimame wima. Akasimama kando ya mnara. Giza likaingia, umeme ukakatika, na filimbi ya kuwaachia watu waende haikulia. Kamba tu ndiyo iliyoendelea kukwaruza mlingoti.

"Mama, wanashusha bendera ama mwezi?" akamnong'oneza mwanamke aliyesimama mbele yake. "Mke wangu anakosa pumzi."

"Tulia, papa. We ukisogea, inaanza tena kushuka toka juu."

Akawasha taa ya simu. Wote walikuwa wamesimama wima, lakini wameipa bendera mgongo, wanamtazama yeye.