Zamu ya Kufuta

Mshonaji alikuwa ameinamia cherehani tangu asubuhi. Mgongo ulimuuma. Macho yalimuuma. Hata kidole alichojichoma kwa sindano juzi bado kilimuuma. Mbele yake kulikuwa na sketi ya jirani wa ghorofa ya juu, ya kuongezwa kiunoni. Alishona kidogo, akapumzika, akashona tena.

Mume wake alikuwa muuguzi. Alikuwa ametoka zamu hospitalini na hata viatu hajavua. Alikaa mbele ya kompyuta ya nyumbani, ameshika tama.

Karibu na dirisha alikaa Mzee, baba yake muuguzi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelazwa juu ya mto, kwa sababu haukuwa na nguvu. Mzee alikuwa kinyozi maisha yake yote, na kinyozi asiyejua kunyamaza. Watu walikuwa wanakuja kwake hata kama nywele zao bado fupi, wamsikilize tu. Kisha akapata kiharusi. Mkono ukalegea na ulimi ukafunga. Sasa alikuwa anatoa sauti moja tu, “Eee,” kwa njaa, kwa kiu, na kwa hasira pia.

Kila Jumamosi alasiri Mzee alikuwa na darasa. Mwalimu wa matamshi alikuwa mji mwingine, kwa hiyo walikutana naye kwa video kwenye kompyuta. Tatizo lilikuwa hiyo kompyuta. Darasa likianza tu, picha inaganda. Mwalimu anabaki mdomo wazi, haendi mbele wala nyuma. Kisha yanatokea maneno: *Nafasi kwenye diski imejaa.*

Familia ilikuwa imebuni dawa yake. Waliiita zamu ya kufuta. Kila Jumamosi, kabla ya darasa, mtu mmoja alitoa kitu chake kwenye kompyuta ili kupata nafasi. Wiki moja mshonaji alifuta michoro ya mishono yake. Wiki nyingine wifi yake, dada mdogo wa muuguzi, anayeuza kwenye duka la viatu, alifuta nyimbo zake zote huku amenuna. Kisha zikaenda picha za harusi ya mshonaji na muuguzi. Na muuguzi, kwa mazoea ya hospitali, hakuruhusu taka zilale ndani. Kitu kikifutwa, hapo hapo alimwaga na pipa la taka la kompyuta.

Darasa moja lilikwenda vizuri. Baada ya siku chache diski ikajaa tena. Wakawa wanafuta, inajaa, wanafuta, inajaa. Walichoka hadi wakaacha kuuliza kwa nini.

Mlango ukafunguliwa. Wifi aliingia kutoka kazini, viatu mkononi.

“Miguu yangu leo si yangu,” alisema. “Watu wanajaribu viatu kumi, hawanunui hata kimoja.” Kisha akaona kompyuta. “Kaka, leo ni zamu yako. Unafuta nini?”

Wifi akasogea. Kwenye kioo, mshale ulikuwa juu ya folda moja iliyoandikwa *Baba*.

“Kaka! Hiyo ni sauti ya Baba!”

“Najua.”

“Ndizo rekodi pekee tulizonazo! Simu uliyorekodia ilishakufa!”

“Najua, mdogo wangu. Usinipigie kelele, kichwa kinaniuma.”

“Wifi, mwambie mume wako!”

Mshonaji aliacha cherehani. Alikuwa amechoka hata kugombana. “Mimi nimeshatoa harusi yangu nzima,” alisema. “Sasa mnataka niseme nini?”

Muuguzi akageuza kiti. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Nisikilizeni,” alisema. “Nimetafuta kila mahali, hakuna kingine cha kufuta. Tusipofuta, leo hakuna darasa. Bila darasa, Baba hatasema tena. Mnataka sauti ya zamani, au mnataka sauti mpya?”

Swali lenyewe lilikuwa zito, na wote watatu hawakuwa na nguvu ya kulibeba.

“Eee!” Mzee alipiga kiti kwa mkono wake wa kushoto. “Eee! Eee!”

“Baba anasema usifute,” alisema wifi.

“Au anasema nifute haraka darasa lianze,” alisema muuguzi. “Utajuaje?”

Hapo mtu akabisha hodi. Alikuwa jirani wa ghorofa ya juu, amefuata sketi yake. Alikuwa mkutubi, na kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwanyamazisha wasomaji, jengo zima lilimwita Bi Kimya. Lakini nje ya maktaba, yeye mwenyewe alikuwa hanyamazi hata kwa dawa.

“Shikamoo, Bi Kimya,” walisema.

“Marahaba, wanangu. Mzee wangu, habari za leo? Mbona nyuso zenu kama za msibani? Fundi, usiniambie sketi imekushinda. Nimenenepa, sijawa nyumba.”

Mshonaji alicheka kidogo bila kutaka. Kisha akamweleza yote, tangu picha kuganda hadi folda ya Mzee.

Bi Kimya alisikiliza amesimama. Baadaye akajitupa kwenye kiti.

“Ngojeni nikae. Leo nimesimama kutwa,” alisema. “Kule maktaba kompyuta ni nyingi, na kila wiki nasema hayo hayo. Nimeyasema mpaka ulimi umeota sugu. Haya, nitayasema tena. Toa mkono kwenye hiyo folda, mwanangu.”

Muuguzi akautoa.

“Kwanza, fungua mahali inapoonekana diski. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua palipoandikwa sifa. Unaona nini?”

“Diski imejaa. Hilo tunalijua, Bi Kimya.”

“Tulia. Sasa nenda kwenye folda zenu, zile mnazoziona. Zichague zote kwa pamoja, uangalie ukubwa wake.”

Muuguzi alifanya hivyo. Akatazama. Akatazama tena.

“Mbona ni ndogo hivi?” aliuliza. “Vitu vyetu vyote havifiki hata robo ya diski.”

“Haya. Programu za kompyuta zinachukua sehemu yake, hiyo ni halali yake. Lakini bado kuna fungu kubwa hapo katikati. Nani amelikalia?”

Wifi akasogeza kiti. “Kirusi?”

“Mara nyingi si kirusi. Ni takataka zenu wenyewe. Nenda kwenye menyu ya mwonekano, uchague kuonyesha vitu vilivyofichwa.”

Muuguzi akabofya. Zikatokea folda nyingine ambazo hawajawahi kuziona. Rangi yake ilikuwa imefifia.

“Hizi zilikuwepo siku zote?” aliuliza mshonaji.

“Siku zote. Kompyuta inazificha ili msiziharibu kwa bahati mbaya. Humo ndani, kivinjari chenu kinaweka faili za muda.”

“Kivinjari ndiyo nini?” aliuliza mshonaji. “Sema Kiswahili cha nyumbani.”

“Ile programu unayofungulia intaneti. Wewe si unaangalia video za mishono? Kila ukurasa unaoufungua, kivinjari kinaweka nakala ya picha zake na vipande vyake. Kinasema, huyu atarudi, nisimsumbue kusubiri. Ni kama wewe na vipande vya kitambaa chini ya meza yako. Unavitunza ukidhani vitafaa.”

Mshonaji aliangalia chini ya meza. Vipande vilikuwa vimefika magotini.

“Kwa kawaida kivinjari kinajiwekea kikomo,” aliendelea Bi Kimya. “Lakini kompyuta yenu ni ya zamani, diski yake ndogo. Mnatumia akaunti moja?”

“Hapana,” alisema wifi. “Kila mtu ana yake. Mimi sitaki kaka aone tamthilia zangu.”

“Basi kila akaunti ina lundo lake. Na hiki kivinjari kingine hapa?”

“Hicho tuliacha kukitumia zamani,” alisema muuguzi.

“Mliacha kukitumia, lakini taka zake hamkuzitoa. Ndiyo maana mkifuta picha zenu mnapata nafasi kidogo, na takataka mpya zinakuja kuikalia. Mmekuwa mkitupa vyombo na kubakiza uchafu.”

Muuguzi alishika kipanya kwa pupa. “Basi nazifuta zote hizi, hizi zilizofifia!”

Bi Kimya alimpiga kofi mkononi, paa!

“Thubutu! Humo kuna faili za kompyuta yenyewe. Ukifuta usichokijua, kesho haiwaki. Kuziona tumeziona, inatosha. Zifiche tena. Kazi ya kusafisha tutakiachia kivinjari chenyewe.”

Akamwelekeza polepole, kwa sauti ya mtu aliyechoka lakini hataki kukosea. Muuguzi alifungua kivinjari. Juu pembeni kulikuwa na vitone vitatu. Alivibofya, akatafuta sehemu ya kufuta data za kuvinjari.

“Hapo juu panauliza muda. Watu wengi wanaacha saa moja iliyopita, kisha wanalalamika hakuna kilichopungua. Chagua wakati wote,” alisema Bi Kimya. “Sasa weka alama kwenye picha na faili zilizohifadhiwa kwa muda. Hapo tu. Ondoa alama kwenye maneno ya siri. Ondoa na kwenye vidakuzi.”

“Vidakuzi navyo ni nini?” aliuliza wifi.

“Ni alama ndogo ambazo tovuti inakukumbukia, kwamba huyu ni fulani, ameshaingia. Ukizifuta hakiharibiki kitu, ila utalazimika kuingia upya kila mahali. Wewe unakumbuka maneno yako ya siri?”

“Hata moja sikumbuki.”

“Basi viache.”

Muuguzi alibofya kufuta. Kijiduara kikazunguka muda mrefu. Wote walikitazama kimya, hata Bi Kimya. Kilipokwisha, walifanya hivyo hivyo kwenye akaunti ya mshonaji, kisha ya wifi, ambaye aliwaamuru wageuze nyuso. Wakamaliza na kile kivinjari cha zamani.

“Kuna kazi moja bado,” alisema Bi Kimya. “Kompyuta nayo ina kifaa chake cha kusafisha diski. Kifungue. Weka alama kwenye faili za muda. Lakini soma kila mstari kabla ya kubofya! Mara nyingine folda ya vitu mlivyopakua imo kwenye orodha hiyo. Mtu anabofya haraka, vyeti vyake vinakwenda na maji.”

Muuguzi alisoma kila mstari kwa sauti, kama anavyosoma chupa za dawa. Kisha akabofya. Baadaye akafungua tena sifa za diski.

Karibu nusu ya diski ilikuwa tupu.

Hakuna aliyeshangilia. Muuguzi alifunika uso kwa viganja. Mshonaji alikaa chini polepole.

“Bi Kimya,” alisema, “picha za harusi yangu zinaweza kurudi?”

Bi Kimya alitikisa kichwa. “Pipa la taka lingekuwa halijamwagwa, tungezirudisha sasa hivi. Likishamwagwa, ni vigumu sana. Sitakudanganya, mwanangu. Waulize waliokuja harusini, huenda wanazo kwenye simu zao.”

Mshonaji aliitikia kwa kichwa. Ilimuuma, na hakuficha. Muuguzi akamshika bega.

“Nisamehe, mke wangu. Mimi na pipa langu.”

“Tulifuta sote,” alisema mshonaji. “Tulikuwa tumechoka.”

Bi Kimya akatoa flashi kwenye mkoba wake. “Hii nawaazima hadi mnunue yenu. Nakilini folda ya Mzee humu, sasa hivi, kabla sijatoka. Kitu mnachokipenda kisikae mahali pamoja tu. Na kusafisha, fanyeni kila baada ya miezi michache, au mkiona nafasi inapungua. Si lazima kila siku. Mkishasafisha, kurasa zitachelewa kidogo kufunguka mara ya kwanza. Msiniite kwa hilo.”

Rekodi zikanakiliwa. Wifi mwenyewe aliishika flashi, hakutaka kumpa mtu. Mshonaji akarudi kwenye cherehani kumalizia sketi, na Bi Kimya akaisubiri.

Saa ya darasa ilifika. Mwalimu wa matamshi alitokea kwenye kioo, akatabasamu, akasema jambo. Mdomo wake uliendelea kutembea. Picha haikuganda. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi walifanya mazoezi yote. Mzee alijitahidi hadi jasho likamtoka, lakini alipata ile ile, “Eee.”

“Tuna muda umebaki,” alisema mwalimu. “Kuna lolote mnataka tujaribu?”

Wifi alimtazama kaka yake. “Tumwekee sauti yake,” alisema.

Muuguzi akafungua folda, akabofya rekodi ya kwanza. Sauti nene ikajaa sebuleni, sauti ya mtu mwenye mkasi mkononi na wateja wa kutosha.

“*Basi umeme ukakatika, na bwana harusi nimeshamnyoa nusu kichwa! Nikamwambia, nenda hivyo hivyo. Akaenda. Wallahi, harusini kila mtu akamsifu. Wiki iliyofuata, vijana wa mtaa mzima walikuja wanataka nusu!*”

Mzee alikuwa ameinua kichwa. Shavu lake la kushoto likaanza kucheka. Mabega yakatikisika. Akavuta pumzi, akakunja uso kwa nguvu, kama mtu anayesukuma mlango mzito.

“Uo,” alisema. “Uo… ngo.”

Cherehani ilikuwa imesimama. Bi Kimya alikuwa mlangoni na sketi yake mkononi, naye hakutoka.

Mwalimu alisogea karibu na kamera yake. “Uongo?” aliuliza taratibu. “Nani mwongo, Mzee?”

Mzee aliinua mkono wake wa kushoto, akaugusisha kifuani pake.

“Mimi,” alisema.