Kipande cha Jumatano

Lifti ya hospitali kubwa ilikwama asubuhi, watu wakajazana ukumbini kama wanaogawiwa kitu cha bure. Fundi wa lifti, ovaroli ya kijani na spana mfukoni, alikuwa amepiga magoti mlangoni msichana mmoja aliposukumana na watu hadi akamfikia. Alivaa koti jeupe na raba nyekundu, amekumbatia kisanduku cha barafu.

"Kaka, bado sana?"

"Inategemea. Humo mna samaki?"

"Mna nyama ya mtu. Iko hai, na inakufa wewe ukitania."

Fundi akanyanyuka, akampokea kisanduku, wakapanda ngazi hadi ghorofa ya sita. Waliobaki na lifti mbovu walimtukana vya kutosha. Kule juu, akihema, akaomba namba ya simu. Akapewa.

Msichana alikuwa mtafiti wa hadubini. Baada ya wiki chache alimwonyesha chumba chake cha kazi, cheusi tii.

"Seli naipiga leza, inang'aa, halafu inazima. Mashine inapima imeng'aa muda gani."

"Muda gani?"

"Ukipepesa jicho tu, umeshachelewa mamilioni ya mara."

"Na unalipwa mshahara kwa hilo?"

"Sikiliza, mpenzi. Seli ya saratani ikiguswa na dawa, muda wake hubadilika. Kwenye skrini, buluu inageuka rangi ya chungwa; ikibaki buluu, dawa imeshindwa. Bado tunajaribu, hatumtibu mtu. Hata vipande vya wagonjwa vinaletwa na namba tu, havina majina."

"Na mimi ukinipiga leza?"

"Wewe unang'aa hata kwenye giza, Fundi wangu."

Mama yake fundi, mjane mcheshi aliyeishi na mwanawe huyo, alikuwa na uvimbe kwenye titi. Alikubali kipande chake kitumike kwenye utafiti, kisha akampigia msichana simu, kwa ujinga wote wa watu wema.

"Mkwe wangu, Jumatano nakatwa. Utaniona mpaka ndani, kuliko hata marehemu mume wangu."

"Mama, hukupaswa kuniambia siku."

"Kwani siku ni siri?"

Jumatano hiyo kililetwa kipande kimoja tu. Kilikuwa na namba, lakini namba ingeficha nini tena? Msichana alikikata vipande vyembamba, akaweka dawa ileile ambayo mama angeanza kupewa, akasubiri. Skrini ikabaki buluu. Akapima upya. Buluu. Akasafisha lenzi, akajaribu kipande kingine. Buluu tupu, nzuri kwa macho.

Alimwendea mkuu wa maabara. "Najua ni nani. Daktari wake aambiwe."

"Aambiwe nini? Mashine yetu haijathibitishwa. Umnyime mgonjwa dawa kwa sababu ya picha?"

Mkuu alisema kweli. Msichana akarudi kazini, akaacha kupokea simu za fundi. Hakujua kudanganya, na baada ya salamu fundi angemuuliza habari za mama.

Mwanaume akikosa jibu hubuni mwanaume mwenzake. Fundi alimbuni daktari kijana mwenye gari, akamvizia msichana getini.

"Ni nani huyo?"

"Hakuna mtu."

"Basi niambie kuna nini."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, mpenzi wangu. Usinilazimishe."

"Haya. Msalimie daktari wako."

Dawa ikamla mama nywele na nyama. Uvimbe ukahamia kwenye ini. Daktari akasema dawa haikushika, wampeleke nyumbani apumzike. Mama akamwita mwanawe.

"Yule binti yuko wapi?"

"Ana mtu wake."

"Mtu wake ni mimi, bwege wewe. Nilimtajia siku yangu. Kaniona, kafungwa mdomo. Mpigie."

Akapiga, amekaa sakafuni.

"Ulijua?"



"Mashine ilionyesha. Nikaomba iwe imekosea. Kila siku niliomba niaibike."

"Ungeniambia, ningefanya nini?"

"Hakuna. Ndiyo maana sikuweza kukutazama."

"Njoo. Anataka tuoane wiki hii."

"Na wewe unataka?"

"Nataka. Ila naogopa, mpenzi."

"Hata mimi. Nakuja."

Ndoa ilifungiwa chumbani kwa mama. Alivaa gauni la zambarau, wamelibana mgongoni kwa pini ili lisimpwaye. Bwana harusi alivaa suti ya kuazima, bibi harusi gauni jeupe lisilo na urembo. Kabla ya pete, mama akafumba macho. Mfungishaji ndoa akauliza kwa sauti ya chini kama aendelee.

"Tusubiri," akasema fundi.

Wakaketi, huyu upande huu wa kitanda, yule upande ule, wakitazama kifua cha mama kikipanda na kushuka. Hapakuwa na la kushika wala la kutengeneza.

"Mmeshaoana?" mama akauliza, macho bado yamefungwa.

"Bado, mama. Tunakusubiri wewe."

"Mimi nasikia. Endeleeni."