Maji ya Moto Juu ya Tumbawe

"Umeshafunga madirisha?"

"Bado."

"Yafunge, laazizi. Upepo utaingiza vumbi kwenye tangi."

Laazizi! Twaiba alibana simu begani akashangaa. Waziri hakuwa amemwita hivyo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Leo yuko Msambweni kikazi ndipo mapenzi yanamtoka.

"Na lile jiwe la tangini?"

"Litoe, liweke kwenye karai hapo sebuleni, ulimwagie maji yanayochemka. Sugua mpaka vile vidude vife, la sivyo vitatumalizia matumbawe."

Simu ikakatika. Vidude vyenyewe vilikuwa vimeota juu ya lile jiwe la tumbawe, vya kahawia, vya mviringo kama vifungo vya koti. Twaiba hakuwa amewahi kuviona katika tangi hilo la kioo walilolijaza pamoja. Birika lilishaanza kunguruma jikoni. Lakini wafugao matumbawe Diani hawang'oi kitu kabla hakijatambuliwa, kwa hiyo alipiga picha akamtumia Hafsa, anayehudumia matangi ya samaki mahotelini.

Hafsa akapiga simu papo hapo.

"Umeligusa?"

"Hata salamu, dada?"

"Salamu baadaye. Zima jiko! Vinyama hivyo vina sumu. Ukivimwagia maji ya moto, sumu inapanda na mvuke. Ukiuvuta chumba kikiwa kimefungwa, waweza kufa."

Twaiba akakimbia kuzima jiko. Akaketi sakafuni.

"Waziri ndiye aliyeniagiza. Maskini, hajui."

"Hajui?" Hafsa akauliza.

"Sema, Hafsa."

"Anajua. Juzi alinitumia picha ya vinyama hivi hivi. Nilimweleza yote, akaniuliza tena kama kweli mvuke unaua. Nikadhani anakuogopea wewe."

Nyumba Twaiba aliirithi kwa marehemu babake, na akifa, Waziri angepata fungu lake. Na huko Msambweni alikuwako Mwanapili, ambaye Waziri humwita mteja tu. Twaiba aliyajua yote hayo, na bado alimpenda mumewe. Ni aibu kusema, lakini ndivyo.

"Labda amesahau."

"Twaiba!"

"Nitamjaribu. Akiingia mbio kuniokoa, nitamsamehe."

Hafsa akaja pamoja na Kibwana, kakake Twaiba. Jiwe liliachwa majini. Wakafunga madirisha, Twaiba akatuma ujumbe: "Nimemwagia. Kifua kinanibana. Njoo."

Jibu likaja: "Nakuja. Lala hapo hapo sebuleni. Usimwite mtu."

Kibwana aliusoma, akauma meno, akatoka uani kupiga simu.

Adhuhuri gari likaingia. Nyayo zikafika kibarazani, zikasimama. Ingia, Waziri, Twaiba aliomba moyoni, ingia tu. Kitasa hakikuguswa. Kivuli kikapita dirishani, kikachungulia penye pazia.

"Twaiba?" Aliita chini kwa chini, kama mtu asiyetaka kuitikiwa.

Twaiba akafungua mlango. Waziri akaruka nyuma. Alikuwa amejifunga kitambaa puani na mdomoni.

"U... u mzima?"

"Karibu ndani."

Hakusogea.

"Nimekwambia kifua kinanibana. Unangoja nini kibarazani?"

"Nilitaka kwanza... hewa..."

"Hewa ina nini? Mimi sijakutajia hewa."

Kibwana akatokea nyuma ya dadake.

"Ingia, shemeji. Polisi wako njiani, utawangoja kwa chai."

Waziri akaanza kulia.

"Nisamehe, laazizi. Ni shetani tu. Wallahi nakupenda."

"Basi vua kitambaa uingie."

Waziri akautazama mlango ulio wazi. Twaiba alikuwa akipumua, Hafsa akipumua, Kibwana akipumua, wote salama mbele ya macho yake. Mguu wake haukuvuka kizingiti.

"Ya polisi utayasema huko polisi," Twaiba akasema huku machozi yakimtiririka. "Mimi nataka talaka yangu."

Waziri akaitoa pale pale kibarazani, kitambaa kikiwa bado puani.