Jina la Marehemu

Mtu alimwita binti kwa jina kutoka chumba cha kuanikia nguo, na chumba kilikuwa kitupu.

"Abee," aliitika, pasi mkononi.

Ndivyo alivyofunzwa. Msituni alikuwa mpiganaji. Mjini alitumwa kama dobi, apige pasi sare za maofisa wa adui na kupekua mifuko yao. Kamanda alimpa jina na vitambulisho vya msichana aliyekufa kwa homa, akawa anamwita kwa jina hilo binti anapokula, anapooga, anapolala, mpaka akawa anaitika kabla ya kufikiri. Jina lake la kuzaliwa aliapa kutolitamka hadi vita viishe. Mdomo huponza kichwa.

"Nani kaniita?" alimuuliza mama mwenye duka la dobi.

"Hakuna, mwanangu. Au una mchumba huko kwenye mashuka?"

Hakucheka. Alijiuliza kama mama huyu anamjaribu, na nani amemtuma. Sauti ikazidi kuja, mchana kweupe, sauti ya mwanamume asiye na haraka, na kila ilipoita mvuke wa pasi ulinuka karafuu maiti, na sare zilizotundikwa ziligeuka taratibu kumwelekea, mikono mitupu ya sare hizo ikiinuka kama ya bwana harusi anayengoja kukabidhiwa mke, naye, kabla hajauma ulimi, alikuwa ameshaitika.

Mwenye duka akaleta mganga, mwanamume mnene mwenye viatu vinavyong'aa.

"Huyu jini alimwoa mwanamke mwenye jina unaloitikia," mganga alinong'ona. "Sura haoni, dada yangu. Anafuata jina. Mwambie wewe ni nani hasa, atakuacha."

Binti alivitazama vile viatu. Wakati huu wa vita, nani anapata viatu vipya, na kwa kazi gani?

"Jina langu ni hilohilo," alisema.

Mganga alifunga mkoba wake. "Basi umemkubali. Mimi sina la kufanya."

Vita vilipoisha, kamanda alifika dukani na mama mzazi wa mpiganaji wake. Mama alisimama mlangoni akamwita kwa jina la kuzaliwa, alilompa yeye mwenyewe. Akamwita tena, akilia.

Binti hakugeuka. Pasi iliendelea kwenda na kurudi. Kisha kinywa chake kikafunguka, na sauti ya mwanamume ikatoka, tulivu, yenye adabu.

"Shikamoo, mama. Hapa hakuna mtu wa jina hilo. Tafadhali usimsumbue mke wangu."