Lori Lililorudi kutoka Namanga

Herieli ni mkulima wa Sigino, pembezoni mwa mji wa Babati. Anapenda vitu viwili: mahindi na maneno. Mkewe Kandida husema afadhali angepunguza kimoja, na si mahindi.

Msimu huu maneno yake yote yalikuwa ya barabara.

"Lami hii ya Babati haiishii Arusha," aliwaambia majirani. "Inafika Namanga, inavuka mpaka, inaingia Kenya hadi Nairobi. Kule nako wanakula ugali. Kwa nini tumsubiri dalali aje kutupangia bei mlangoni?"

Alikuwa amepata mnunuzi. Mama Mutheu, mwenye kinu cha unga upande wa Kenya, alitaka lori zima la mahindi. Mkulima mmoja hawezi kujaza lori. Basi majirani waliunganisha magunia yao. Hawakumjua Mama Mutheu. Walimwamini Herieli.

"Ukituangusha, Baba Careen, usinisalimie tena," Alois, jirani wa karibu mwenye ulimi mkali, alimwambia Herieli.

Lori lilitarajiwa Jumatano. Kandida alitia mkono ndani ya gunia.

"Baba Careen, haya hayajakauka."

"Mama Careen, yenye unyevu ni mazito. Yakikauka sana, uzito unapotea. Na tunauza kwa kilo!"

Si yeye peke yake aliyefikiri hivyo. Karibu wote walianika juu ya udongo mtupu, wakapukuchua haraka, wakashona magunia. Lori likaondoka kwa vigelegele.

Ijumaa lilirudi, na mzigo wote ukiwa juu.

"Wamepima pale mpakani," alisema Filbert, dereva. "Unyevu umezidi. Hayavuki."

Magunia yalifunguliwa. Ndani kulikuwa na joto. Mengine yalianza kunuka uvundo.

"Hongera, Baba Careen," alisema Alois. "Barabara yako kweli ni nzuri. Inakwenda na kurudi!"

Watu walicheka, lakini kicheko cha hasira. Herieli aliingia ndani. Jumapili hakwenda kanisani kwa aibu.

Jumatatu Kandida alikwenda kata ya Bagara kumwona bibi shamba, afisa kilimo wao, binti aitwaye Vailet. Walirudi pamoja.

"Shikamoo, Baba Careen."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Wameshanizika."

"Bado unapumua," Vailet alicheka. "Tuzungumze."

"Tuzungumze nini? Jirani zetu wa Kenya hawataki mahindi yetu."

"Wanayataka sana. Ila nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana kipimo kimoja. Unyevu usizidi asilimia kumi na tatu na nusu. Na wao wakituletea mahindi, kipimo ni hichohicho."

Alois alikuwa amesimama kwenye ua, akijifanya anafukuza kuku.

"Na ule uzito unaopotea je?" aliuliza.

"Ule ni uzito wa maji, baba. Mwenye kinu hanunui maji," alijibu Vailet. "Tena mahindi yenye unyevu, ukiyafunga kwenye gunia, yanaota kuvu. Kuvu inatoa sumu. Tunaiita sumukuvu. Huioni kwa macho, na kupika hakuiondoi. Inaharibu ini. Barabara inayafikisha mahindi yenu kwa watu wengi ambao hamtawaona kamwe. Gunia moja bovu linaweza kuwadhuru, na linaweza kurudisha lori zima."

Kandida alimtazama mumewe. Kisha akaburuta gunia la kwanza hadi uani, akalimwaga.

Siku hiyo majirani wote walianza kuchambua. Mahindi yenye kuvu yalitengwa na kufukiwa.

"Msiyale, msiwape kuku, wala msipikie pombe," Vailet aliwaonya.

Mahindi mazuri yalianikwa juu ya maturubai, yakageuzwa mara kwa mara, yakafunikwa kabla ya umande. Kisha Vailet akawafundisha kupima kwa chumvi. Unachukua chupa ya kioo, kavu kabisa. Unatia mahindi na chumvi kavu, unafunga na kutikisa, kisha unaiacha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado hayajakauka.

"Lakini chumvi inakuonya tu," alisema. "Kabla ya kupakia nitaleta mashine ya kupimia unyevu. Hiyo ndiyo inayothibitisha."

Herieli alimpigia simu Mama Mutheu, akamweleza yote bila kuficha.

"Nitapokea lori moja tena," alijibu mama yule. "Hilo nalo likirudi, nitanunua kwingine."

Tangu hapo Herieli alizunguka nyumba kwa nyumba akiwasaidia majirani kugeuza na kufunika. Jioni moja mvua ilinyesha akiwa kwa wengine. Kandida alikimbia na turubai, lakini mahindi yao yalikuwa yameshalowa.

Siku ya kupakia ilifika kabla hayajakauka tena. Vailet alipima kila gunia. Ya Alois yalipita. Ya wengine yalipita. Ya Herieli hayakupita.

"Mzee," Filbert alinong'ona, "ni magunia machache tu. Tuyafiche katikati ya mzigo."

Herieli aliyatazama magunia yake. Lilikuwa jasho la msimu mzima.

"Yaacheni hapa," alisema.

Lori likaondoka na mahindi ya kila mtu, isipokuwa ya yule aliyemtafuta mnunuzi. Kandida aliumia, wala hakuficha. Alilia pale pale barabarani.

Kesho yake simu ililia. Ilikuwa Filbert.

"Tumevuka, mzee! Wamepima, wamegonga mihuri, tumepita. Hata chai yangu haijapoa. Na Mama Mutheu anataka lori jingine."

Habari ilienea Sigino yote. Vijana waliomba kazi ya kupakia. Kina mama waliuliza kama mbaazi nazo zinaweza kuvuka. Wengine walianza kuzungumza kuhusu kukodi ghala moja karibu na lami.

Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijakuwa kali, Alois aliingia uani na mkewe. Alikuwa amebeba turubai lake jipya begani.

"Baba Careen," alisema, "lori lijalo linaanza kupakia hapa kwako. Sisi wengine tutafuata."

Kisha akavua viatu, akashika reki, akaanza kuyageuza mahindi ya Herieli.