Upana wa Kiganja

Buibui wa chuma walipanda ubavu wa meli ya tatu kwa makumi, kila mmoja na moto wake mdomoni, na mabamba yakashikana bila mkono wa mtu kugusa. Karakana ya meli ya Mtwara haikuwahi kuona kazi ya namna hiyo. Somoe Chikawe, fundi wa kuchomelea, alikaa kwenye kiti chini yao. Kazi yake sasa ni kuangalia tu, na hakutulia.

Buibui hao waliletwa na serikali. Meli za kigeni zilikuwa zinauzwa chini ya bei ya chuma chenyewe, maana huko zinakotoka hasara inalipwa na nchi. Karakana ilibaki kidogo ifungwe. Msaada ukaja, ukaja na haraka yake: meli zitoke upesi, sherehe ziachwe. Mafundi wakavalishwa glavu-kumbukumbu zilizonakili kila walichofanya, na buibui wakajifunza humo. Kisha mafundi wakashukuriwa, wakarudi nyumbani. Alibakizwa Somoe, kwa kuwa glavu zilizochaguliwa ni zake. Wenzake walimtania kwamba kazaa kundi la watoto bila mume.

Siku hiyo aliinuka kunyoosha miguu. Alipofika mbele ya meli ya pili, iliyokwisha kuungwa pembeni, aliona upenyo kwenye mshono, mwembamba kama wembe, urefu wake upana wa kiganja.

Ilikuwa desturi yao. Kila meli iliachiwa upenyo kama huo, juu kidogo ya usawa wa maji, ukazibwa siku ya kuishusha, mama za mabaharia wakishuhudia kwa macho yao. Somoe aliuacha hata akiwa na glavu, mkono ulishazoea. Siku ya kuziba, glavu zilikuwa zimeshakusanywa; buibui walijifunza kuuacha, hawakujifunza kuuziba.

Na meli ya kwanza ilishaondoka juzi, bila sherehe, rangi nzito imefunika kila kitu. Jicho la ukaguzi, kamera ya kupima mishono, liliipitisha, maana liliilinganisha na kazi ya mikono ya Somoe. Nurdini, mwanawe, alikuwa ndani.

Mhandisi Kapinga, mkuu wa karakana, alimsikiliza mpaka mwisho. Hakubisha. Alisema tu kwamba habari ikitoka, wanunuzi watakimbilia kwa wageni na msaada utakatwa. Labda wangoje meli ifike bandarini, izibwe kimyakimya.

"Mhandisi, una watoto?"

"Wawili."

"Basi nipe redio."

Akampa. Nurdini alicheka kusikia sauti yake, akauliza kama amekuja kumkumbusha kula. Akasema bahari imechafuka kidogo na stoo ya mbele ina maji, hawajui yanatoka wapi.

"Mwanangu, mwambie nahodha ageuze. Mshono wa mbele haukuzibwa. Niliuacha mimi."

Redio ikakwaruza, kisha sauti yake, sasa ndogo.

"Tunageuza, mama. Usiondoke hapo."

Hakuondoka. Kapinga alikimbilia swichi ya kuwazima buibui, lakini kabla hajaifikia, buibui walikuwa wamefika mbele ya meli ya tatu. Wakaruka upana wa kiganja, kama alivyowafundisha, wakaendelea.