Gauni la Safari ya Siri

Mama Cherehani alikuwa akipinda upindo wa gauni la bluu, pini mdomoni. Lilikuwa la bintiye wa mwisho, fundi wa vifungo. Binti amepata kazi ng'ambo ya mpaka, ya kushona sare! Mama alifurahi mpaka akasahau kuuliza.

Jirani yao, ofisa wa ustawi wa jamii, alifika kuchukua sketi yake.

"Kazi kwa nani?" akauliza.

"Kwa dada mmoja wa kwenye simu, shangazi," binti akajibu. "Mwema huyo! Kila asubuhi ananijulia hali."

"Umewahi kumwona?"

"Bado."

"Na marafiki zako umewaaga?"

Binti akainama. "Kasema nisiage mtu. Ati watu wana kijicho."

Ofisa akaiweka sketi chini. "Jirani, hiyo si kazi. Makundi ya magaidi huwanasa vijana hivyo hivyo. Kwanza urafiki, kisha siri, kisha wanamtenga kijana na kwao. Akishavuka, ataozwa kwa mtu asiyemjua, au atabebeshwa bomu."

Mama akatema pini. "Yaani namshonea mwanangu sanda kwa mikono yangu mwenyewe!"

Akainyakua simu ya binti aipige ukutani.

"Usiivunje!" ofisa akamzuia. "Huo ndio ushahidi. Wala usimfokee mtoto. Ukimsukuma wewe, wao wanampokea. Binti, mwandikie tu kwamba mama anataka kuzungumza naye."

Jibu halikukawia: "Mama yako ni adui. Mwache. Njoo leo."

Binti akasoma, akarudia. "Adui? Huyu aliyenilea kwa cherehani hii? Mshenzi mkubwa!"

"Ongeza lingine," mama akasema. "Leo sikukatazi matusi."

Wote watatu walikwenda polisi na ile simu, bila kufuta hata neno moja. Polisi wakaifuatilia namba, na "dada" akakamatwa. Kumbe ni mwanamume mzima, na ndevu zake! Wasichana wawili wa chuo cha ushonaji walikutwa kituo cha basi, mabegi mapajani, wakimsubiri yeye yeye. Walirudishwa kwa mama zao.

Binti hakusimangwa. Ofisa aliendelea kuja kuzungumza naye, mpaka kicheko chake kikarudi.

Gauni la bluu halikukaa sandukuni. Binti alilivaa siku aliyosimama mbele ya wanafunzi wa chuo kile.

"Anayekukataza kumuaga mama yako," akawaambia, "hataki urudi."